Samaki wa Kwanza wa Wavu Mpya

Watu wakisikia kwetu tuliuza nyavu wanadhani nimekulia ufukweni, nacheza mchangani. Wapi! Nimezaliwa Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na bahari nilikuwa naiona sikukuu tu, tukipelekwa kupunga upepo na nguo zetu mpya. Duka letu lilikuwa Kariakoo, kwenye mtaa wa kamba na maturubai. Babu yetu, Mshihiri wa Yemen, ndiye aliyelianzisha, baba akalirithi, na mimi nililikalia pamoja na baba tangu nilipomaliza shule, hata baada ya sukari kuanza kumla miguu. Wavuvi walikuja kwetu kutoka Kigamboni, Kunduchi na Mbweni. Habari za bahari tulizipata hapo hapo kaunta.

Kulikuwa na ada. Mvuvi akinunua wavu mpya dukani kwetu, samaki wa kwanza atakayenaswa na wavu huo si wake, wala haendi mnadani. Anafungwa mkiani kipande cha uzi kilichokatwa kwenye wavu huohuo, kisha analetwa kwa baba. Mama anampika. Baba anakula kichwa, sisi tunakula mwili, baba anaomba dua, na mvuvi anarudi kwao na halua kwa ajili ya vijana wake wa botini. Baba asipokula, wavu una mkosi. Nani alianzisha jambo hilo sijui, na mtaani walitucheka sana, lakini wavuvi wenyewe hawakuwa na mchezo nalo hata kidogo.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kutumwa nipeleke nyumbani kolekole ambaye nilimbeba nimemkumbatia, na mkia wake bado ukawa unaburuza chini. Siku kama hizo mama alipika kwa sufuria kubwa, na majirani wa ngazi nzima wakapelekewa sahani. Baadaye wakaja changu wa kutosha sisi tu. Baadaye wakaja wa kutosha baba. Hakuna aliyetutangazia kitu. Mama alilipandisha lile sufuria kubwa juu ya kabati ili apate nafasi jikoni, na halikushuka tena. Siku hizi tunalitunzia vitunguu.

Na nyavu nazo zilikuwa zinabadilika. Baba hakuwa na haja ya rula. Aliingiza vidole kwenye jicho la wavu, akajua. Nyavu za ujana wake alipitisha vidole vinne vikiwa vimekaa pamoja, bila kuvikunja. Mimi nilipoanza kazi walikuwa wanaulizia vitatu. Kisha viwili. Mwishowe wakaanza kuja vijana wanaotaka nyavu ambazo hata kidole kidogo cha baba kilikwama kwenye jicho lake. Zile zilikatazwa na serikali, kwa hiyo hazikukaa mbele. Zilikaa stoo, nyuma ya mafungu ya kamba, na aliyezitaka alinong'ona. Kwa nyavu hizo ada ilisimama. Baba hakudai samaki wa kwanza, na wanunuzi hawakuleta.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaponikera. Wanakaa mezani, kiyoyozi kinawapuliza, wanachokonoa pweza kwa uma, halafu wanasema wavuvi hawana akili, wanajimalizia samaki wenyewe. Hee! Akili wanazo, tena nyingi. Boti ikirudi, inatolewa kwanza petroli, inatolewa barafu, kinatolewa chakula cha safari. Kinachobaki ndicho wanachogawana, fungu la mwenye boti, fungu la wavu, fungu la watu. Samaki wakipungua, petroli haipungui. Kwa hiyo unakwenda mbali zaidi, unachoma petroli nyingi zaidi, na ukishaichoma huwezi kurudi mtupu, basi unaongeza urefu wa wavu na unapunguza upana wa macho. Ukimuona mtoto wa changu ukasema nimwache akue, atakua kwa ajili ya nani? Jirani yako atampitia kesho. Na kwa vile samaki ni haba, bei kule mnadani Magogoni inapanda, hata ndoo ya watoto wa samaki inagombewa. Kila mtu anafanya hesabu yake vizuri kabisa, na hesabu zote zikijumlishwa bahari inabaki maji.

Na dukani kwetu? Dukani kwetu mambo yalikuwa mazuri mno. Mvuvi ambaye zamani alinunua wavu akakaa nao mpaka unashonwa kila mahali, sasa alirudi kila baada ya muda mfupi, anataka mrefu zaidi, anataka wa macho madogo zaidi. Tulibadilisha kaunta. Tuliongeza stoo. Kaka yangu alioa kwa sherehe iliyofunga mtaa. Bahari ilivyokonda, sisi tulinenepa, na nalisema kwa sababu sijamsikia mtu mwingine wa mtaa ule akilisema. Baba akiulizwa alikuwa anajibu kwamba yeye anauza nyuzi, hajawahi kuvua hata kamba mmoja.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, kulikuwa na mama mmoja wa Kichaga aliyeuza betri na tochi. Mcheshi, hana makuu, mkono wake haukai bure. Siku moja akaondoa betri zote akajaza mafriza, akaanza kuuza samaki wa boksi kutoka nje, wale wenye mistari mgongoni, wagumu kama matofali. Mama lishe wote wa Kariakoo walihamia kwake. Kwake hakukuwa na mnada wala kuamka alfajiri.

"Dada, bahari yangu mimi haikauki," aliniambia, anacheka. "Umeme ukiwepo tu."

Mtu mmoja hakuweza kuwatazama samaki wale. Alikuwa nahodha wa Kigamboni, mwenye boti ya mbao na injini, rafiki wa baba tangu wote wawili hawajaota ndevu. Kila akija dukani alipita kwanza kwenye friza, akamgonga samaki kwa kucha, ko ko ko, akamwambia yule mama wa Kichaga, "Mama, huyu maiti wako kaswaliwa?" Yule mama anamfukuza kwa kitambaa. Ulikuwa ni utani wao. Huyo nahodha ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wateja wetu wa zamani kununua macho mapana, na wa mwisho kutuletea samaki mwenye uzi mkiani. Baba alijivunia hilo kana kwamba ni yeye anayeingia majini.

Basi siku moja nahodha akaja, na hakupita kwenye friza.

"Shikamoo, ami," nikamwamkia, maana kwangu alikuwa kama baba mdogo.

"Marahaba, mwanangu." Hakuketi. Akamgeukia baba, aliyekuwa kwenye kiti chake, mguu mbaya juu ya stuli. "Nipe ule wa nyuma ya kamba."

"Upi?"

"Usinifanye mtoto, bwana. Ule unaowapa wenzangu."

Baba akatikisa kichwa. "Wewe sikuuzii."

"Juzi tu umemuuzia kijana wa Kunduchi. Nimemuona nao."

"Yule simjui."

Ami akacheka kicheko kibaya. Akasema vijana wake wanamkimbia mmoja mmoja, wanahamia boti zinazorudi na kitu, na hawalaumu, wana watoto. Akiwakosa watu, boti inakaa mchangani. Ikikaa mchangani atauza injini, na akishauza injini boti yenyewe itakuwa kuni. "Na nikiuza chombo," alisema, "mimi nitakuwa nani? Niambie wewe uliyesoma Kurani yote." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta, ile kaunta yetu mpya.

Baba akanituma nishushe wavu wa macho mapana, mpya, mrefu kuliko wote tuliokuwa nao. Akauweka mbele yake. Akamwambia bei wataongea siku nyingine, aende mbali kuliko wanakokwenda wenzake, kule ambako samaki bado hawajajua watu. "Niletee samaki wake wa kwanza," alisema. "Usipopata kitu, nitakuwa nimekosea mimi, si wewe. Nitakupa unachotaka."

Ami akautazama ule wavu kwa muda. Alikuwa na sura ya mtu aliyepewa dawa anayojua kuwa haitamsaidia, lakini anaona haya kumkatalia mganga. Akauchukua.

Alipoondoka nilimvaa baba. Siwezi kunyamaza, ndivyo nilivyoumbwa. "Baba, umeziuza nyavu hizo kwa Bongo nzima, leo umeona haya kwa mtu mmoja?"

"Nataka abaki mmoja."

"Abaki mmoja wa kazi gani?"

"Wa kukaa hapo mbele yangu nikamtazama usoni," akasema, kisha akaniambia nikamwagizie kahawa.

Tukangoja. Ijumaa ikapita, ikapita nyingine. Kila mwanamume mwenye kikapu akikanyaga kizingiti, baba aliinua kichwa. Hakutaka ami apigiwe simu. Alisema samaki wa kwanza haulizwi, analetwa. Nami nilikuwa na langu moyoni. Nilikuwa nimeteremka Magogoni kununua kitoweo, nikawakuta vijana wawili wa ami wanashusha ndoo kwenye boti ya mtu mwingine. "Mambo, dada?" wakanisalimu. Nikasema poa, nikachungulia. Ndani ya ndoo mlikuwa na changu wa kuenea kiganjani, wengi, bado wana rangi za utoto. Wanawake wa kukaanga walikuwa wanawagombea kwa viwiko. Nilimwambia mama peke yake. Mama akasema, "Usimwambie baba yako, sukari itampanda."

Alhamisi moja tulifunga duka, nikampeleka baba kliniki. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tukiwa nyumbani, ami akabisha hodi. Alikuwa amevaa kanzu safi, iliyopigwa pasi, na mkononi ana kikapu cha ukindu.

"Nimemleta," alisema.

Wallahi sijawahi kumuona baba akisimama kwa haraka namna ile tangu miguu imharibikie. Alimkumbatia, akamvuta ndani, akamkalisha kwenye mkeka, akawa anacheka na kupiga kofi paja lake. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi? Mama watoto! Njoo uone!" Nami nikacheka. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi, nikajiambia kumbe wale vijana walijiondokea kwa ujinga wao. Samaki alikuwa wa wastani, mnene, amefungiwa kwenye jani la mgomba, na mkiani ana uzi wa kijani wa wavu wetu.

Nikampeleka jikoni. Mama akamuosha, akachukua kisu ili amchanje ubavuni. Kisu kikaingia kidogo, kikagota. Kikatoa mlio, krrr, mlio ambao nyama ya samaki haina. Mama akakichomoa, akaweka kidole kwenye mpasuo, akakitoa haraka. Akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu palepale.

Barafu. Huko ndani, karibu na mfupa, alikuwa bado hajayeyuka.

Ndipo nilipomtazama sawasawa. Mistari mgongoni. Jicho jeupe. Samaki niliokuwa nikiwaona kila siku ya Mungu ng'ambo ya barabara, na leo, kwa sababu ya kanzu na jani la mgomba na furaha ya baba, nilikuwa sijamuona. Nilisikia hasira imenipanda hadi masikioni, na sikujua nimkasirikie nani. Nikataka kutoka na samaki mkononi nikamuulize ami, huyu naye kaswaliwa? Mama akanizuia kwa macho tu.

"Washa jiko," alisema.

Alimwekea ukwaju, ndimu na pilipili, akamwekea nazi nzito, kila kitu anachokijua mpishi wa pwani cha kuficha. Mara moja alijipangusa macho kwa mtandio, akasingizia vitunguu, na vitunguu nilikuwa nakata mimi. Ule uzi alikuwa ameufungua kabla ya kupika; alipopakua akauweka pembeni ya sinia kama ilivyo ada.

Ami alisema ameshakula huko Magogoni. Baba akamwambia haidhuru, atakula na fungu lake. Akakivuta kichwa, akakivunja, akaanza. Mimi nilisimama mlangoni na jagi la maji. Tonge la kwanza alilitafuna akicheka bado. Tonge la pili akalitafuna polepole. Mtu aliyekula samaki wa kwanza maisha yake yote, utamdanganya kwa ukwaju? Kisha akachukua la tatu, na la nne, akafyonza mifupa, akala na shavu na jicho lile jeupe. Ami alikuwa anatazama mkeka.

"Mtamu," baba alisema. "Mwenyezi Mungu akuzidishie."

"Amin," ami akajibu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

Baba akainua mikono, akaomba dua yote, ndefu, bila kuruka kitu. Akaomba usalama majini, akaomba riziki ya vijana ambao wote mle chumbani isipokuwa yeye tulijua wameshamkimbia ami. Au labda na yeye alijua. Alipomaliza aliuokota ule uzi pembeni ya sinia, akaunusa. Ulinuka chumvi. Kwenye mlo wote ule, uzi huo ndio kitu pekee ambacho tulikuwa na hakika kimeingia bahari yetu. Huyo samaki alivuliwa wapi na nani, Mungu ndiye anayejua. Ami aliwahi kutuambia kwamba mbali huko usiku kuna meli za kigeni zinazovua zikiwaka taa kama mji. Baba akautia uzi mfukoni mwa shati.

"Twende dukani," alisema.

"Leo Ijumaa," nikamwambia. "Tumefunga."

"Chukua funguo."

Tukateremka ngazi. Kutoka Mchafukoge hadi dukani kwetu si mbali, lakini kwa miguu ya baba ilikuwa safari. Mkono mmoja aliegemea mkongojo, mwingine aliegemea bega la ami, na mimi nyuma yao. Wapagazi wanatupigia kelele, pisha mzigo, pisha. Tulipofika mtaani kwetu, yule mama wa Kichaga alikuwa mlangoni kwake anapangusa friza. Akamuona ami, uso ukamchangamka. Hakuwa na ubaya wowote, maskini.

"Babu yangu!" akaita. "Yule samaki wa jana alikuwaje? Si nilikwambia utampenda?"

Nikaelewa yote. Jana ami alikuwa amekuja dukani kutuambia ukweli, akakuta tumefunga. Amesimama hapo barazani na kipande chake cha uzi, wavu mtupu nyumbani, watu hana, na mbele yake yale mafriza yanavuma; akamnunua, akamlaza kwenye barafu hadi leo. Ami alisimama katikati ya barabara.

Baba hakugeuka. "Alikuwa mtamu sana, mama," akamjibu yule mama, kwa sauti kubwa, kwa adabu. "Tumemla wote. Ahsante."

Nikafungua mlango. Baba aliingia stoo mwenyewe, akatukataza tusimsaidie. Tulimsikia akisukuma mafungu ya kamba huku anahema. Akatoka amekumbatia ule mzigo, wavu mwembamba, laini, umekunjwa mdogo kama shuka. Akauweka kwenye kaunta. Akajaribu kidole chake kidogo kwenye jicho, kama alivyofanya kwa kila wavu uliowahi kutoka kwenye duka lile. Hakikupita.

"Sitaki tena," ami alisema. "Mzee mwenzangu, sikuja kwa ajili hiyo. Nilikuja kwa sababu uliniambia nilete."

"Nilisema nitakupa."

"Nimekulisha maiti."

"Umenilisha," baba akasema. "Chukua, uwaite vijana wako warudi."

Ami alilia. Alilia waziwazi, mzee mzima na kanzu yake ya pasi, na baba hakumnyamazisha, akamfungia tu ule mzigo kwa kamba, fundo juu ya fundo, muda mrefu kuliko ulivyohitaji kufungwa. Alipomaliza alimwekea begani mwenyewe. Nikatoa pakiti ya halua kabatini, kwa mazoea, nikamnyooshea ami. Baba akanishika mkono, akairudisha.

"Wa huu," alimwambia rafiki yake, "samaki wake wa kwanza usiniletee."